Bendi Isiyo na Watu

Mama yangu ananiita Mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mimi pia namwita Mwaitu. Mgeni akija kwetu Kanyangi anaweza kufikiri tunataniana, lakini huku ndivyo ilivyo, kila boma lina wawili wa namna hiyo.

Kalunde wa kwanza, susu yangu, yaani bibi, sikumjua. Alikufa nikiwa bado mtoto wa kubebwa. Picha yake haikuwepo nyumbani, wala hadithi zake. Nikimuuliza Mwaitu alikuwa anasema, "Alikuwa mama kama mama wengine," kisha anajitafutia kazi.

Mwaitu ndiye anayepokea watu mlangoni kanisani. Anavaa kitambaa cheupe kichwani, na akikuonyesha mahali pa kukaa, unakaa. Amekaa hapo mlangoni tangu nipate akili. Mkono wake wa kulia una kovu kubwa, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, limekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakauka. Tangu utotoni niliambiwa ni uji ulimmwagikia.

Mimi natunga nyimbo za kwaya. Sikusoma sana, niliishia darasa la nane, na muziki sikufundishwa na mtu. Nikiwa napepeta mbaazi ndipo wimbo unakuja. Nauacha uje. Nikiufuatafuata unakimbia, kwa hiyo naendelea kupepeta kama sijauona, mpaka ukae wenyewe.

Wimbo ninaotaka kuusema hapa ulikuwa wa Samueli, yule mtoto aliyeitwa usiku akadhani ni mzee Eli anamwita. Kiitikio chake kilikuwa "Niite tena, niko macho." Kiongozi wetu wa kwaya, Mulei, ambaye anauza mbegu sokoni, aliupenda mara moja. Tulikuwa tumealikwa tamasha la kwaya kule Mukuyuni, ng'ambo ya mto Athi, upande wa Makueni, na mpiga kinanda wetu alikuwa amehamia Nairobi.

"Mwaka jana tuliimba mdomo mtupu," Mulei alisema. "Wakatupigia makofi ya huruma. Hayo makofi nayajua, yanapigwa na vidole. Mwaka huu enda kwa Mutisya, pale soko la Kwa Vonza. Ana programu kwa kompyuta, inakupigia bendi nzima."

Nikaenda. Duka la Mutisya ni chumba kimoja: picha za pasipoti huku, fotokopi kule, na kwenye kona ameweka blanketi ukutani na kipaza sauti kimoja. Akanivika hedifoni.

"Wewe imba tu," akasema. "Hii kitu inasikiliza sauti yako, inajua yenyewe inataka besi gani, gitaa gani, ngoma gani."

"Na wapigaji wako wapi?"

"Wapigaji ni hawa." Akagonga kioo cha kompyuta na ukucha. "Hawalewi, hawachelewi, hawaombi nauli ya kurudi. Lakini kwanza igongee mwendo, ijue kama unatembea ama unakimbia."

"Nigonge nini?"

"Gonga meza, gonga kichwa chako, mimi ni nani nikukataze?"

Nikagonga meza. Sikufikiria. Mkono wangu ulifanya vile unavyofanya kwenye uteo, ile kugongagonga chini ili maganda yasogee mbele: kiganja, vidole, vidole, kisha kisigino cha mkono, halafu kiganja tena.

"Wee Kalunde, nimesema gonga, sijasema upike," Mutisya akacheka. Lakini kompyuta ilikuwa imeshika. Mistari ilikuwa inaruka kwenye kioo, mirefu na mifupi.

Nikaimba. Akajaribu kuniwekea mtindo wa injili, ule wa kawaida, na sauti yangu ikaenda huku ngoma ikaenda kule. Akaweka wa pili, wa tatu, kila mmoja ukawa kama kiatu cha mtu mwingine. Mwisho akaacha programu ijichagulie.

Ngoma ikaingia peke yake kwanza. Haikuwa ile ya sahani na vijiti inayosikika redioni. Ilikuwa inatoka chini, nzito, na juu yake kitu chepesi kikawa kinakimbia. Halafu besi, halafu gitaa moja kavu. Zote zilikuwa zinapiga bila kupumua. Mtu akipiga ngoma unasikia anavyovuta hewa na kusogeza mguu. Hapa hapakuwa na mtu.

Nilisikia kitu mgongoni, katikati ya mabega, kama mtu ananipigapiga nilale. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na blanketi na ukuta.

"Nini?" Mutisya akauliza.

"Hakuna."

"Imejichagulia vizuri, hii shetani," akasema, kwa mzaha tu.

Nikarudi nyumbani na wimbo kwa simu. Mwaitu alikuwa ameketi chini akibambua mbaazi, beseni kati ya miguu. Nikamwambia asikilize. Nikabonyeza.

Ngoma ilipoingia, mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Nimezoea kuwatazama watu, ndiyo tabia yangu, na sijawahi kuona mtu akisimama namna ile akiwa ameketi. Hakuangalia simu. Aliniangalia mimi. Sauti yangu ilipoanza kuimba, alishika lile kovu kwa mkono wa kushoto.

"Ina haraka," akasema.

"Wimbo?"

"Hiyo ngoma. Ina haraka."

Akainuka na beseni lake akaenda nyuma ya nyumba. Nilidhani hakuupenda.

Sikuwa nimezima bado, na mtu akasimama kwenye lango. Alikuwa Kaveke, jirani yetu, mama mzee anayetembea na fimbo na kuuliza maswali kama polisi.

"Nani anapiga hiyo?"

"Hakuna mtu. Ni kompyuta."

"Kompyuta ya nani?"

"Ya Mutisya, wa Kwa Vonza."

"Mutisya. Mama yake ni wa wapi?"

"Mama Kaveke, sijui. Ni mashine inapiga."

"Mashine ilifundishwa na nani?"

Akasimama mpaka wimbo ukaisha, uso umegeukia pembeni kama mtu anayesikiliza mlango wa mbali. "Mwambie mamako nimepita," akasema. Halafu akarudi hatua moja. "Ama usimwambie."

Nilimwacha apite siku hiyo. Kesho yake nikaenda kwake, nikamtekea maji, nikamfagilia uwanja, sikuuliza kitu. Kaveke ukimuuliza anakuuliza. Ukinyamaza, anachoka na kimya chako. Nilikuwa namchambulia mchicha alipoanza.

"Ulisikia kitu kinaitwa kilumi?"

Nilikuwa nimesikia. Kanisani kinatajwa kwa kuombewa. Ngoma ya akina mama wa zamani, ya kuita aimu, wale pepo wa ukoo.

"Kila mchezaji alikuwa na mwendo wake," Kaveke akasema. "Mimi wangu ulikuwa mwingine. Ukipigwa wa mwenzako, unakaa unakunywa chai yako. Ukipigwa wako, hupo tena. Huo uliokuja nao kwa simu ni wa mamako."

"Mwaitu alikuwa anacheza kilumi?"

"Mamako Nduku?" Akacheka bila sauti. "Nduku alikuwa hachezi, alikuwa anachezwa. Na aliyempigia alikuwa mama yake, huyo mwenye jina lako. Hapa Kanyangi hakuna mkono kama ule. Siku moja Kalunde alikuwa anapiga kwa watu wengine, kule bondeni, na mamako alikuwa hapa nyumbani kwake anapika. Upepo ukaleta. Akaangukia mafiga, mkono ndani ya moto, na hakuutoa. Walimtoa watu."

Niliweka mchicha chini.

"Baada ya hapo akaokoka. Kukawa na mkutano wa injili, wakaleta vitu vya kuchoma. Ngoma ya susu yako ilichomwa, wewe ukiwa mgongoni kwa mamako. Ile ngozi ikishika moto inalia, na wewe ukalia nayo. Kalunde alisimama akatazama mpaka mwisho, akaenda zake. Hakuishi sana."

"Na sasa mtu akiupiga ule mwendo?"

"Miaka yote hii haujapigwa. Nani aupige? Mpigaji alikufa."

Nilirudi nyumbani nikamkuta Mwaitu anapiga pasi kitambaa chake cheupe kwa makaa, polepole, akifuata kona. Nikatazama ule mkono. Nikawaona kwa mawazo watu wa Mukuyuni wamejaa, na yeye katikati yao, na mimi ndiye nimesimama mbele namwita.

Nikaenda kwa Mulei. Nikamwambia wimbo haufai, nitatunga mwingine.

"Haufai kwa nani? Watu wanaimba mpaka wakiosha vyombo."

"Basi tubadilishe ngoma."

Hapo alikubali, kwa sababu nilikuwa na uso ambao alisema hakuupenda. Mutisya akanitolea mwingine, wa kawaida, na nikaupeleka kwa mazoezi. Kwaya ikaimba kama watu wanaopanda ngazi gizani. Akina mama wa sauti ya tatu walianza vizuri, halafu miguu yao ikawa inarudi kule kwa ule wa kwanza, bila wao kutaka. Wakagongana, wakacheka, wakaanza tena, wakagongana. Mulei akazima.

"Kalunde, huu ni kama chai bila majani. Tunaenda na ule wa kwanza."

Ningesema nini? Kwamba mama wa mlangoni, anayeshika sahani ya sadaka, ataanguka mbele ya kwaya zote za Makueni? Maneno hayo yangetosha kumwondoa mlangoni hata kama hangeanguka.

Nikabaki na njia moja, kumzuia asiende.

"Mwaitu, wewe baki. Mguu wako unauma."

"Mguu upi?"

"Wowote."

Akaniangalia kwa muda. "Mwaitu," akasema, "ninyi mkiingia pale, nani atawapanga? Mulei? Mulei hajui hata kupanga mbegu zake."

Tukavuka Athi asubuhi kwa basi la shule moja, mashati ya kijani, akina mama wakila mahindi ya kuchemsha. Mwaitu alikaa mbele na Biblia juu ya magoti. Nilikuwa nimeomba njia nzima, lakini kila nikiomba maneno yalikuwa yanaingia kwenye ule mwendo, yanakaa sawasawa, na mimi nayaacha katikati.

Mukuyuni walikuwa wametandaza turubai uwanjani, na spika kubwa pande mbili. Tulipoitwa, Mwaitu alitupanga, akaninyoosha kola, akaenda kukaa benchi la mbele. Niliamua kumtazama yeye tu. Akianza kutikisika, nitaruka niende nimshike, wimbo ukae huko.

Mulei akaashiria. Zile spika zikafungua ile ngoma.

Kwenye simu ilikuwa ndogo. Hapa ilitoka ardhini ikapanda kwenye nyayo. Nikamtazama Mwaitu. Alikuwa ametulia. Mikono juu ya Biblia, kitambaa kimenyooka, mabega hayajasogea hata kidogo. Macho yake yalikuwa kwangu na hayakupepesa. Tukaimba ubeti wa kwanza, tukaimba kiitikio, na mimi nikawa nasema moyoni, bado, bado, bado yupo. Tukamaliza. Watu wakasimama wakapiga makofi, ya viganja. Mwaitu akainuka kwenye benchi akaja mpaka mbele, akanishika mkono. Nilidhani ananipongeza. Nilisikia wepesi mwilini kama mtu aliyeshusha mtungi. Alikuwa amepita salama.

Tulipata nafasi ya pili. Basi zima liliimba kurudi. Mwaitu hakuniachia mkono mpaka nyumbani.

Asubuhi yake Mulei alituma video kwenye kundi la kwaya. Nilikuwa nimeketi kwenye kizingiti, jua zuri, kuku wanazunguka. Nikaifungua nione kama kola ilinyooka.

Kwaya inaonekana yote, mashati ya kijani, inayumba pamoja, kushoto, kulia. Mtu mmoja hayumbi nao. Mabega yake yanapanda na kushuka haraka haraka, kama ya mtu anayetetemeka kwa baridi. Macho yamefunguka lakini hayaangalii. Mkono wake wa kulia unapiga paja: kiganja, vidole, vidole, kisigino cha mkono.

Ilinichukua muda kujua ni mimi.

Mimi nilikumbuka nimesimama tuli. Nilikumbuka namtazama Mwaitu bila kupepesa.

Nikaendelea kutazama. Wimbo unaisha. Ngoma ya kompyuta inakatika, na watu wanapiga makofi. Kwaya inainama. Yule mwanamke hainami. Anaendelea kupiga paja lake, hakuna muziki tena, anapiga tu, na mdomo wake unasogea. Mama wa sauti ya tatu aliye karibu naye anajisogeza kando kidogo. Halafu Mwaitu anaingia kwenye picha kutoka upande wa benchi, anatembea polepole kama anayekaribia ng'ombe asiyemzoea, na anaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. Mkono unaendelea kidogo ndani ya mikono yake. Kisha unaacha.

Chini ya video watu walikuwa wameandika, "Kalunde alishukiwa na Roho." "Amina." "Amina dada."

Mwaitu alikuwa amesimama nyuma yangu mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

"Wewe ulijua," nikamwambia.

"Tangu siku uliyokuja na ile simu."

"Mbona hukusema? Mimi nilikuwa nakuogopea wewe."

Akaketi kando yangu kwenye kizingiti, akakunja kanga katikati ya magoti. "Ule wimbo wako wa Samueli," akasema. "Nani alikuwa anaitwa, mzee ama mtoto?"

Nikaizima simu.

"Mimi nilikuwa wa kucheza. Wa kucheza akiacha, ameacha. Nilisikia kwenye spika kama mtu anayesikia jina la mtu mwingine likiitwa sokoni. Lakini wa kupiga..." Akamfukuza kuku ambaye hakuwa karibu.

"Wa kupiga anafanywaje?"

"Sijui. Mama yangu hakuacha. Walimchomea ngoma, akapiga meza. Nikamtolea meza, akapiga debe. Nikaficha debe, akapiga ukuta. Nilimwombea, Mwaitu, nilifunga, nilimletea wachungaji wa kila namna. Mwisho alikuwa hawezi kuinuka, nikawa nakulaza kando yake kitandani, nikasema angalau mtoto atampa amani. Na alikuwa na amani. Nilikuwa nikiingia nawakuta mmelala wote wawili, na mkono wake uko mgongoni kwako." Akaonyesha katikati ya mabega yangu, hakunigusa. "Anakupigapiga ulale. Nilifurahi. Nilisema, ameacha."

Mtu alipita barabarani akatusalimu, tukaitikia.

Nilienda kwa Mutisya nikamwambia afute. Akanung'unika, akafuta. Halafu akafungua programu upya, akaniambia igongee mwendo, tutengeneze wimbo mwingine. Nikaikalia mikono yangu.

"Weka wewe," nikamwambia. "Weka wowote."

"Lazima mwenye wimbo agonge. Mimi nikigonga itafuata mimi."

Nikatoka.

Tangu hapo sijatunga. Mulei anaulizia, namwambia bado. Nyumbani, nikishika uteo, Mwaitu anakuja kutoka popote alipo, hata kama yuko shambani, anautoa mikononi mwangu bila neno na kupepeta mwenyewe. Hafanyi kwa hasira. Mimi naingia ndani, nakunja nguo, nafua, nafanya kazi zisizo na sauti. Na usiku silali chali wala ubavu. Nalala kifudifudi, kwa sababu ndivyo mgongo unavyotaka.

Jana nilikuwa napepeta mbaazi uwanjani. Nilijua atakuja. Nilisikia nyayo zake zikisimama kando yangu, nikangoja mkono wake, mikono yangu ikiendelea, kiganja, vidole, vidole. Mkono haukuja. Niliinua macho.

Mwaitu alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alikuwa amevua kile kitambaa cheupe, amekiweka juu ya magoti, na nywele zake, ambazo sikujua zimekuwa nyeupe hivyo, zilikuwa wazi juani. Alikuwa amefumba macho. Kovu lilikuwa limegeuzwa juu.

"Punguza kidogo," akasema. "Yeye alikuwa anapiga polepole."